Nyayo bapa zinauma? Anza hivi
Lowesha mguu ukanyage sakafu ya simenti, alama ikitoka nzima bila kijipinde pale kati basi unyayo wako ni bapa, na kama hauumi achana nao tu. Ila ukianza kuuma ukubwani, hasa kwa ndani chini ya kifundo, mara nyingi ni ile kano inayoshikilia upinde imechoka. Simama kwa mguu mmoja, ule unaouma, shika ukuta, nyanyua kisigino chake: ukishindwa au pamevimba, nenda kwa daktari wa mifupa usingoje. Vinginevyo punguza kusimama sana, weka barafu kwenye kitambaa dakika 15, nyoosha vigimbi ukutani sekunde 30 mara tatu, na vaa raba isiyojikunja hovyo yenye soli ya ndani iliyoinuka katikati, zile ndala za bafuni ziache hukohuko bafuni.