Somo: Kuchagua tartani na kilti nzuri ya harusi

Somo hili ni la wanaume wanaooa Uskoti, wapambe wao, na dada zetu wanaotaka mume apendeze siku hiyo. Mimi ni fundi cherehani hapa Glasgow, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kurekebisha kilti za watu, yaani lile vazi la wanaume wa Kiskoti mfano wa sketi ya marinda. Tartani ni kitambaa chake chenye mistari ya rangi inayopishana, na mifumo mingi ya mistari hiyo hubeba jina la ukoo. Wateja wengi hubishana wiki nzima juu ya rangi, halafu wanalipia vazi bila hata kuligeuza. Kwangu mimi kilti hukaguliwa nyuma kwanza. Mbele ni kitambaa kilicholazwa tu, hela yako iko kwenye marinda.

1. Hesabu tarehe

Kilti ya kushonwa kwa mkono huchukua kama wiki 8 hadi 12 tangu upimwe, na kiangazi mafundi huelemewa. Ikiwa harusi iko chini ya miezi miwili, kodi. Si aibu, maana Waskoti wenyewe wengi hukodi, na duka hukupa seti nzima tangu koti hadi viatu. Nunua ikiwa utaivaa tena: harusi za mashemeji, mahafali, mkesha wa mwaka mpya. Kilti nzuri humzika mwenyewe.

2. Tartani: nani avae ipi?

Hapa ndipo watu wetu huingiwa na hofu. Hakuna sheria inayokukataza kuvaa tartani ya ukoo usio wako. Kuna adabu tu.

Na hizo tartani za koo si za kale kama zinavyosimuliwa. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, uasi wa watu wa nyanda za juu za Uskoti uliposhindwa, bunge la London lilipitisha sheria ya kupiga marufuku vazi la watu wa nyanda za juu. Marufuku ilianza kutumika 1747, ikafutwa 1782. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akasimamia sherehe na kuwahimiza wakubwa waje wamevaa tartani. Tangu hapo kila ukoo ukataka wake. Wafumaji kama Wilson wa Bannockburn walikuwa na mifumo mingi dukani, mingine ikitambulika kwa namba tu, na baadhi ya namba hizo zikapata majina ya koo. Kwa hiyo mtu akikukunjia uso kwa sababu huitwi MacDonald, mwache akunje.

Kwa bwana harusi asiye na ukoo wa Kiskoti, mimi huanza na tartani ya ukoo wa bibi harusi. Nenda kwa baba mkwe umwombe. Huombi kibali cha kisheria, unampa heshima, na sijaona mzee wa Kiskoti asiyefurahi kuombwa hivyo. Ikiwa familia haina tartani, au hutaki kujifunga na jina la mtu, zipo zinazovaliwa na yeyote: Black Watch, ya kijani na buluu iliyokoza, iliyotoka jeshini, Hunting Stewart, Caledonia. Ipo pia miji na wilaya zenye tartani zao, kwa mfano Edinburgh, Glasgow na Aberdeen, na kwa kijana aliyesoma au kufanya kazi huko naona inampendeza kuliko ukoo wa kuazima. Royal Stewart, ile nyekundu, ni ya ukoo wa kifalme lakini imeenea hadi kwenye makopo ya biskuti, kwa hiyo vaa ukipenda. Balmoral iache. Hiyo ni ya familia ya mfalme, na wafumaji wa maana hawatakuuzia.

Ukitaka kuhakikisha jina na mfumo, tafuta kwenye Scottish Register of Tartans, daftari rasmi la serikali ya Uskoti lililofunguliwa 2009. Kutafuta mtandaoni ni bure.

Sasa rangi. Tartani ya jina moja hutoka kwa sura kadhaa. Ile ya "modern" ina rangi nzito. "Ancient" imepauka, inaiga rangi za mimea. "Weathered" ni ya kahawia na kijivu, kana kwamba imelala mvuani. "Hunting" huegemea kijani au kahawia, na "dress" ina weupe mwingi. Msimamo wangu: ngozi zetu nyeusi hung'aa kwenye kijani kizito, buluu ya usiku na nyekundu, na "weathered" ukumbini hufanana na tope. "Dress" nayo, ukiiweka kando ya gauni jeupe, kila kimoja kinampokonya mwenzake macho ya watu. Omba kipande cha sampuli, ukitazame mchana nje ya duka, karibu na kitambaa cha bibi harusi. Wapambe wote waagize kwa mfumaji mmoja na kwa pamoja, la sivyo picha zitaonyesha kijani za aina tano.

3. Kitambaa

Sufu tupu. Uzito hutajwa kwa wakia kwa kila yadi: 10 au 11 ni nyepesi na hupeperuka, 13 ni ya kati, 16 ni nzito na marinda yake hukaa kama yalivyopigwa pasi. Kwa harusi ya Uskoti mimi huchukua 16 bila kufikiri mara mbili.

Kilti za bei ya chini sana zinazouzwa kwa watalii mara nyingi ni za akriliki. Chomoa uzi mmoja kwenye sampuli uuwashe: sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu, akriliki huyeyuka ikawa tone gumu. Kisha tazama ukingo wa chini. Kilti halisi haikunjwi pindo, kwa kuwa kitambaa chake hufumwa kikiwa na ukingo uliokamilika. Ukiona upindo umeshonwa chini, uliza maswali.

4. Marinda

Geuza kilti. Ile ya kiasili hula yadi 8 za kitambaa, na karibu zote zimefichwa nyuma. Vuta rinda moja ulifungue uone kina chake. Likiingia ndani inchi kadhaa, fundi hakubania. Likiwa la inchi moja hivi, umeshikishwa sketi.

Marinda hupangwa kwa namna mbili. Ya kwanza hufuata mchoro: kila rinda limekunjwa mahali ambapo mistari inaendelea, hata ukitazama nyuma unaona tartani nzima kama mbele. Ya pili hufuata mstari mmoja: kila rinda lina mstari uleule katikati, na nyuma pana sura nyingine kabisa, mtu anapotembea mbele na nyuma havifanani. Hiyo ni desturi ya kijeshi na mimi ndiyo niipendayo, lakini kwa harusi wengi huchagua ya kwanza.

Halafu fuata mstari mmoja wa mlalo kwa kidole kutoka rinda hadi rinda. Ukiruka juu na chini, mshonaji alikuwa na haraka. Sehemu iliyoshonwa, toka kiunoni hadi kwenye makalio, iwe imeshonwa kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana, na kila rinda linazidi kuwa jembamba linapopanda kiunoni. Ndani pawe na kanvasi na bitana, maana ndizo zinazobeba uzito ule wote. Mwisho shika kilti kiunoni, itikise, iachie ining'inie. Marinda mazuri hurudi mahali pake yenyewe.

Bei? Ya yadi 8 iliyoshonwa kwa mkono, tegemea pauni 400 na kuendelea, bila koti wala viatu.

5. Vipimo

Usitume saizi ya suruali. Kilti hukaa juu, usawa wa kitovu, na mtu mwenye suruali ya 34 anaweza kuhitaji 37. Pimwa na mtu mwingine, umesimama wima bila kubana tumbo: kiuno kwenye kitovu, makalio mahali palipo panapana zaidi, na urefu toka kiunoni hadi katikati ya goti. Isizidi hapo. Kilti inayofunika goti lote humfanya mwanaume mzima aonekane amevaa ya kakaye. Na haivaliwi kama kikoi cha kuvutwa na kukunjwa juu; inafungwa kwa bizimu pande za nyonga, ncha yenye nyuzi za kuning'inia ikiwa kulia.

6. Vilivyobaki

Jioni, koti fupi la sherehe liitwalo Prince Charlie, na wesikoti na tai ya kipepeo. Mchana, koti la Argyll, lisilo rasmi sana, au koti la tweed, yaani la sufu nzito. Ukivaa wesikoti, usivae mkanda. Sporani, yaani kile kipochi cha mbele, ikae kama upana wa kiganja chini ya wesikoti, isigonge magoti. Soksi zikunjwe vidole vitatu chini ya goti. Pini ya kilti, lile pambo la mbele, hupita safu ya juu ya kitambaa peke yake. Ukitoboa safu mbili pamoja utachana kitambaa utakapokaa.

Kilti mpya huja na marinda yaliyopigwa bandi kwa uzi mweupe. Toa uzi huo! Kila mwaka naona mtu anacheza ngoma ya ceilidh huku bandi zimemjaa makalioni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: *Shukran dada fundi. Ndugu yangu anaoa binti wa Kiskoti aliyesilimu, nikahi itakuwa Edinburgh. Goti kuwa wazi linatupa taabu, na tumesikia hizo sporani ni ngozi ya nguruwe.*

Hongera kwa ndugu yako, kaka. Wapo Waskoti wanaovaa suruali ndefu ya tartani iitwayo trews, na ni vazi la kwao la kale, si la kubabaisha. Huvaliwa na koti lilelile, na haihitaji sporani kabisa. Inashonwa ikalingana na tartani ya upande wa bibi harusi. Akishikilia kilti, soksi haziwezi kumsitiri goti, hilo nisikufiche. Sporani ziko za ngozi ya ng'ombe, sungura, hata sili. Muulize muuzaji ngozi ya nje na bitana ya ndani, vyote viwili. Tai pia aulize, nyingi ni hariri.

Bibi harusi mtarajiwa, Dar es Salaam: *Harusi yetu ni Desemba, Bagamoyo ufukweni. Mchumba wangu ana kilti ya wakia 16 ya babu yake. Si atazimia?*

Mwache aivae ya babu. Joto la kilti si baya kama unavyodhani, miguu iko wazi na marinda hupitisha hewa. Kinachochemsha mtu ni koti. Avae shati na wesikoti tu, koti liwe la picha. Uzito huo utamfaa, upepo wa bahari hauchezei wakia 16, ile ya 10 ungejuta. Mkimaliza, aianike kivulini ikauke jasho kabla ya kuifunga, na msiiache kabatini bila kinga: nondo wa pwani wanapenda sufu.

Mwanachama, Muscat: *Huku bendi za jeshi hupiga zumari za mfuko na wengine huvaa tartani. Je, kuna uhusiano?*

Upo. Maafisa wa Kiingereza na Kiskoti walihudumu Oman miaka mingi, na Sultani Qaboos mwenyewe, baada ya chuo cha kijeshi cha Sandhurst huko Uingereza, alitumikia kwa muda kikosi cha Kiskoti, Cameronians. Ukitazama gwaride, angalia marinda yao nyuma, yamefuata mchoro au mstari, kisha utuambie.

Mwanachama, Aberdeen: *Mama yangu anakuja kutoka Kisumu, anataka kitenge kionekane. Baba mkwe anataka tartani yake. Nifanye nini?*

Kilti iwe ya baba mkwe, wesikoti na tai viwe vya kitenge cha mama. Chukua rangi moja tu ya tartani uitafute kwenye kitenge, basi. Usiweke michoro miwili mikubwa kifuani. Kama familia hiyo ina desturi ya kumvika bibi harusi mtandio wa tartani baada ya kiapo, mwombe mama yako naye amvike kitenge papo hapo.

Mwanachama, Leeds: *Naja na ndege kutoka Nairobi na kile kisu cha soksi. Na, samahani, ndani wanavaa nini?*

Kisu hicho kidogo cha kuchomeka soksini, sgian dubh, weka kwenye mzigo wa chini ya ndege, kamwe usikibebe mkononi. Uskoti sheria inakiruhusu kikiwa sehemu ya vazi la kitamaduni, lakini kiondoe ukienda baa baada ya sherehe ukiwa umebadili nguo. Ama la pili: kilti ya kukodi, vaa chupi, tafadhali, mwingine anaikodi Jumamosi ijayo. Ya kwako mwenyewe, hayo ni yako na mkeo.