Usilipe Ili Yaishe: Namba Yako ya Social Security Ikianza Kufanya Kazi Bila Wewe

Barua yenyewe haina vitisho. Inaitwa CP2000, inatoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na ndani yake kuna jedwali la safu tatu: kiasi ulichoandika wewe kwenye ritani, yaani fomu yako ya kodi ya mwaka, kiasi walichoripoti wengine, na tofauti. Katika safu ya katikati ya barua yangu kulikuwa na mshahara wa kiwanda cha kusindika kuku, katika jimbo ambalo sijawahi kulikanyaga. Kuna mtu alikuwa anadamka kwenda kazini kwa namba yangu ya Social Security, ile ya pensheni ambayo mishahara huandikwa kwayo, na kodi ya jasho lake nikaletewa mimi.

Ninachotaka ukishike kabla ya yote ni kisanduku kimoja kwenye fomu ya majibu, kile cha kukubali. Usikitie alama. Watu wetu wengi hunasa hapo, na wanaowasukuma ni wale wanaowapenda. Mjomba alinipigia akasema, "Lipa tu yaishe, mwanangu." Shangazi akadakia kwamba serikali ya watu haibishiwi, nisije nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya vijisenti. Nawaheshimu wote wawili, lakini katika hili hawana wanalolijua. Ukilipa umekiri kuwa mshahara ule ni wako. Mwaka unaofuata kiwanda kitaripoti tena, na wewe utakuwa umeshatia sahihi mara moja. Halafu kipato hicho hewa kinakufuata kila mahali: unaomba Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au nyumba ya ruzuku, unaambiwa pato lako limezidi.

CP2000 ni pendekezo la IRS, bado si deni. Weka alama kwamba hukubaliani, eleza kwa sentensi chache kwamba hukuwahi kufanya kazi kwa mwajiri huyo, ambatanisha Fomu 14039 ya kuapa kwamba utambulisho wako umeibwa, kisha tuma kwa posta yenye risiti kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Baki na nakala ya kila karatasi. Na usiiweke barua droo ukisubiri ijifie. Ukinyamaza, inafuata notisi rasmi ya upungufu wa kodi, ambayo inakupa siku 90 za kufungua shauri Mahakama ya Kodi. Zikipita, IRS inakuandikia deni hilo na kuanza kulidai. Kwa hiyo usikubali, na usinyamaze.

Taratibu nyingine ni fupi. Andikisha wizi huo IdentityTheft.gov, tovuti ya serikali, upate ripoti rasmi. Fungia faili lako la mikopo kwenye kampuni tatu zinazotunza historia za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, kila moja peke yake, kwa sababu ukifungia moja hazipashani habari. Ni bure kwa sheria ya shirikisho tangu 2018. Ukiona unadaiwa ada ya kila mwezi, umebofya huduma nyingine.

Lakini kufungia faili la mikopo hakumzuii mtu kuajiriwa kwa namba yako. Hili narudia kwa sababu mtu akishafungia huko kutatu hulala usingizi. Mwajiri hahitaji historia yako ya mikopo ili aandike namba kwenye fomu. Kwa upande wa ajira kuna Self Lock ya myE-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki wanaoajiriwa, inayoifunga namba yako kwa waajiri wanaotumia mfumo huo. Kwa wasioutumia haisaidii kitu, na ukibadili kazi kumbuka kuifungua kwanza. Kwa upande wa kodi omba IP PIN kutoka IRS, tarakimu sita zinazobadilika kila mwaka, ili asitokee mtu wa kujaza ritani kwa jina lako na kuchukua marejesho. Kila moja inaziba tundu lake tu. Na IRS ikikusafisha, ofisi ya Social Security inayotunza kumbukumbu za mishahara haijakusafisha: fungua akaunti yako huko, tazama mapato uliyoandikiwa mwaka kwa mwaka, na uombe yasiyo yako yaondolewe.

Nyumbani ungepita kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa chifu, ukaenda polisi, ukatoka na karatasi yenye mhuri, na mtu anayekujua angesema huyu ndiye. Marekani hakuna wa kukusemea. Unaongea na simu, nayo inataka uthibitishe kwamba wewe ni wewe kwa namba ileile iliyoibwa. Nchi hii haitaki kabisa kusikia habari ya kitambulisho cha taifa, inakiona ni udikteta, kisha inageuka na kukuomba namba ya pensheni kwa daktari wa meno. Namba hizo zilianza kutolewa 1936 kwa ajili ya kumbukumbu za mishahara tu, na kuanzia 1946 hadi 1972 kadi zilichapishwa onyo kwamba si za utambulisho. Onyo likaondolewa, mazoea yakabaki.

Sasa tuseme ya kwetu. Wezi wa mbali wapo, lakini kwetu namba hutoka kwa mlango wa mbele. Picha ya kadi inatumwa WhatsApp kwa "ndugu anayejaza kodi kwa bei poa", inabaki kwenye simu yake, na simu inapita mikononi mwa watu. Mjaza kodi wa kulipwa ana PTIN, namba yake ya kazi kutoka IRS, na anatia sahihi yake kwenye ritani. Akikwambia utie sahihi wewe peke yako, au marejesho yapitie akaunti yake, chukua karatasi zako uondoke. Na wewe unayemwazima binamu namba afanye kazi "kwa muda tu mpaka karatasi zake zitoke", jua kwamba siku barua ikija huwezi kuapa kwenye Fomu 14039 bila kusema uongo.

Waliozaa huku waangalie zaidi namba za watoto. Hazina anayezichungulia mpaka mtoto afike umri wa kuomba mkopo wa chuo, na mwizi anajua hivyo. Mtoto aliye chini ya miaka 16 mzazi anaweza kumfungulia faili na kulifunga hapohapo, bure, kwa kutuma nakala za cheti cha kuzaliwa, kadi ya Social Security na kitambulisho cha mzazi kwa kila moja ya zile kampuni tatu. Tuma kwa posta, si kwa picha ya simu, na hakikisha jina la mtoto limeandikwa kwa mpangilio uleule ulio kwenye kadi yake.