Tafuta Mahali Kabla ya Jina: Kufuatilia Nasaba ya Pwani Katika Nyaraka za Zamani

Wengi wanaoniomba niwasaidie kutafuta asili ya ukoo wao huanza na jina: babu aliitwa Juma bin Mabruki. Katika majalada ya Unguja ya mwishoni mwa karne ya 19, jina kama hilo linaweza kuwa la watu wengi, kwa hiyo siombi jalada lolote mpaka nijue Juma huyo aliishi mtaa gani au shamba gani, na alikuwa na shughuli na nani. Utaratibu ninaoueleza hapa unawahusu hasa wenye asili ya Unguja, Pemba na mrima, yaani pwani ya bara inayoelekeana na visiwa hivyo.

Hatua ya kwanza: wazee

Kaa na mzee aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo, umwulize marehemu alizikwa wapi, nani alimwozesha, alilima shamba la nani, na ndugu waligombania nini alipofariki. Swali la ugomvi huonekana la utovu wa adabu, lakini ndilo lenye faida kubwa, kwa sababu mirathi iliyofika kwa kadhi iliandikwa, na ukoo ulioelewana haukuacha karatasi nyingi. Usidai miaka. Uliza kama mtu alizaliwa kabla au baada ya tukio linalojulikana: kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, mizinga iliyopigwa kwenye jumba la Sultani mwaka 1896, Maji Maji, au Vita Kuu ya Kwanza.

Hatua ya pili: ni serikali ipi iliyotawala hapo

Nyaraka hukaa alikokaa mtawala. Habari za Unguja na Pemba zitafute katika Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, Unguja. Za Tanganyika, tangu Wajerumani hadi Waingereza, ziko Dar es Salaam. Za Mombasa na mwambao wa Kenya zitafute Mombasa na Nairobi. Wapwani walivuka bahari bila kujali mipaka hiyo, na mtu wa Bagamoyo angeweza kuwa na mikarafuu Unguja, kwa hiyo jiandae kutafuta pande zote mbili. Uliza mapema utaratibu wa kibali, kisha uanze na orodha ya majalada.

Hatua ya tatu: hati zenye majina ya watu wa kawaida

Hapa ndipo penye kazi. Wenye mali huonekana katika hati za mashamba, wakfu, wosia na rehani, ambamo hata mashahidi hutajwa na majina ya baba zao. Kwa waliokuwa watumwa njia ni nyingine. Amri ya Aprili 1897 ya Sultani Hamoud bin Mohammed haikuwaacha wote huru siku moja: aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuuomba mahakamani, na bwana wake akaweza kudai fidia. Fidia hiyo ndiyo iliyoacha maandishi, kwa kuwa serikali haiwezi kumlipa mtu isiyemjua. Basi mtafute kwanza bwana na shamba lake, kisha usome majina ya watu waliotajwa pamoja naye.

Masuria, yaani wanawake watumwa waliowekwa kinyumba na mabwana wao, hawakuhesabiwa na amri hiyo kama watumwa wengine. Hali yao ilibadilishwa kisheria mwaka 1909. Ukiambiwa kwamba bibi mzaa bibi alikuwa suria, usipoteze wiki nzima katika hati za uhuru. Fungua mirathi ya bwana wake, kwa sababu katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na hurithi sawa na ndugu zake, na mara nyingine mama yake hutajwa hapo.

Jihadhari pia na neno "bin". Mtu aliyeachwa huru aliweza kuitwa kwa jina la bwana wake, na karani akaandika kana kwamba ni la baba. Nimewahi kuiunganisha familia moja na ukoo wa Kiarabu usiowahusu kwa kosa hilo hilo, na ilinigharimu miezi kadhaa kulirekebisha.

Vitabu vya ubatizo ni rahisi zaidi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na makazi ya Freretown karibu na Mombasa yalianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya walioachwa huru. Aliyebatizwa ukubwani huenda akaonekana kwa jina jipya tu, na tarehe ya ubatizo isichukuliwe kuwa ya kuzaliwa. Andika majina ya wasimamizi wa ubatizo pia, kwani mara nyingi walikuwa majirani.

Hatua ya nne: herufi na tarehe

Karani wa Kijerumani aliandika Usaramo kwa Uzaramo, na Dschagga kwa Chaga. Mfaransa aliweka "ou" palipo na "u". Katika hati za Kiswahili cha herufi za Kiarabu, "p" huweza kuandikwa kama "b", na "e" isitofautishwe na "i", kwa hiyo Pembe husomeka Bimbi. Andika kila umbo la jina unaloweza kulifikiria kabla ya kuingia chumba cha kusomea.

Kupata mwaka wa Miladia, zidisha wa Hijria kwa 0.97 na ujumlishe 622: mwaka 1315 unaangukia 1897 hadi 1898. Kumbuka kwamba siku ya Kiislamu huanza magharibi, kwa hiyo hati ya usiku wa Ijumaa iliandikwa Alhamisi baada ya jua kuzama.

Hatua ya tano: shajara, yaani mti wa nasaba

Nakili namba ya jalada na ukurasa papo hapo. Jina lililotokea katika hati moja liandike kwa penseli. Lipake wino pale hati ya pili, ya aina tofauti, inapomweka mtu huyo mahali pale pale na watu wale wale. Ukikuta jambo la utumwa au la mtoto wa nje ya ndoa, lipeleke kwanza kwa yule mzee wa hatua ya kwanza, faraghani, kabla shajara haijasambazwa kwenye simu za ukoo. Mara nyingi utakuta alilijua siku zote, na siku hiyo ndiyo atakayokutajia jina la shamba.