Beba sumaku ukienda kununua mapambo ya zamani ya nyumba

Kwa anayeanza kununua vya mtumba au vya kale, iwe Gikomba, Karume au maduka ya Mji Mkongwe: weka sumaku ndogo mfukoni. Iking'ang'ania birika au misumari ya sanduku, hicho ni chuma kilichopakwa tu, usilipe bei ya shaba.

Mbao ndizo zenye kazi. Pindua kiti, chomoa droo yote, kagua chini ambako fundi hakupiga vanishi. Matundu makavu ya bungua, wadudu wanaotoboa mbao, si neno. Ukigonga ukaona unga mweupe unadondoka, bungua bado wanakula, na watahamia kabati lako hata muuzaji akiapa vipi.

Mapazia? Pima dirisha kwanza, kisha wahi asubuhi belo (robota la mitumba) likifunguliwa.