Kabla hujaandika mkfs: mfumo wa faili wa seva ya kushea mafaili

Anayeandaa seva ya mafaili kwa kawaida huanza na swali la kasi: kati ya ext4 na XFS, mifumo ya faili ya Linux, ipi inakimbia zaidi? Kwenye seva swali hilo halina uzito mkubwa. Mtandao wa gigabiti 1 hupitisha kama megabaiti 110 hivi kwa sekunde, na hata diski moja ya kuzunguka hufika hapo inaposoma faili kubwa. La kuuliza kwanza ni kama mfumo wa faili unatimiza mambo ambayo NFS na Samba, huduma za kushea mafaili kwa mtandao (Samba kwa ajili ya Windows), huyachukulia kuwa yapo tayari. Uliza mapema, maana kuna maamuzi yanayofungwa siku ya kufomati kwa amri ya mkfs na hayafunguliwi tena mpaka uhamishe data yote.

La kwanza ni utambulisho wa faili. Kompyuta inayosoma kwa NFS hupewa na seva kitambulisho cha faili, ambacho kwa kawaida hubeba namba ya inodi (rekodi ya faili kwenye diski) na namba ya kizazi chake, inayobadilika inodi ikipewa faili jingine. Kitambulisho hicho lazima kiendelee kukubalika hata seva ikizimwa na kuwashwa upya wakati faili bado limefunguliwa. ext4 na XFS hulimudu hilo bila matata. FAT haihifadhi namba za inodi kwenye diski, kwa hiyo diski ya nje yenye FAT32 ni ya kubebea mafaili, si ya kushea kwa NFS. Mifumo inayopitia FUSE, yaani inayoendeshwa na programu ya kawaida, hudai uiandikie fsid (namba ya kuutambulisha mfumo) kwa mkono ndani ya /etc/exports, orodha ya folda zinazoshewa kwa NFS, na hata ukifanya hivyo kosa la ESTALE, la kitambulisho kisichokubalika tena, linaweza kukuandama. overlayfs, inayotandika folda moja juu ya nyingine, nayo haikubali hadi uiwashie nfs_export, jambo la kukumbuka kama folda yako imo ndani ya kontena.

Btrfs, mfumo mwingine wa faili wa Linux, inahitaji uangalifu wa peke yake hapa. Kila subvolyumu (sehemu inayojitegemea ndani ya volyumu) huhesabu inodi zake upya, na folda yake ya shina huwa namba 256. Ukishea volyumu nzima kwa mkupuo mmoja, kompyuta ya upande wa pili inaweza kuona mafaili mawili tofauti yenye namba ileile. Mtu anayefungua nyaraka hatagundua lolote, lakini find, du na programu za bakapu hutumia namba hizo kujua kipi wameshakipitia. Kama umeipenda Btrfs kwa ajili ya snapshoti zake (picha za data ilivyokuwa wakati fulani), shea kila subvolyumu kivyake, na fsid yake.

La pili ni muda. Kompyuta za watumiaji hutunza nakala ya muda ya walichosoma, na hutazama saa ya mabadiliko ya faili ili kujua kama nakala hiyo bado inafaa. ext3, mtangulizi wa ext4, ilihesabu sekunde nzima tu. Faili likibadilishwa mara mbili ndani ya sekunde moja, badiliko la pili lingeweza kupita bila kuonekana. ext4 hufika hadi nanosekunde, ila inodi ziwe za baiti 256. Diski iliyopandishwa kutoka ext3 huenda bado ina za baiti 128, na hizo zina tatizo jingine: zitashindwa kuandika tarehe kuanzia mwaka 2038. Amri ya tune2fs -l itakuonyesha ulicho nacho. Ukikuta 128, nakushauri ufomati upya badala ya kuviraka.

Samba ina madai yake. Alama za faili za Windows na orodha za ruhusa zake huhifadhiwa kama sifa za ziada za faili. ext4, kwa mipangilio ya kawaida, huzipa sifa hizo nafasi ndogo, takriban bloku moja ya kilobaiti 4, ilhali XFS hukubali hadi kilobaiti 64 kwa kila sifa. Ofisi yenye makundi mengi ya watumiaji na ruhusa ndefu itaiona tofauti. Kisha kuna herufi kubwa na ndogo: Windows haizitofautishi, Linux huzitofautisha. Samba ikiulizwa jina lisilolingana herufi kwa herufi, hulazimika kupitia folda nzima, na folda yenye mafaili laki moja hugeuka mzigo. ZFS, mfumo mwingine wa faili, hutatua hilo kwa mpangilio wa casesensitivity, lakini huwekwa wakati wa kuunda dataset (sehemu yake ya kuhifadhia) tu. ext4 ina mpangilio kama huo, casefold, tangu Linux 5.2 ya mwaka 2019, na folda lazima iwe tupu unapoiwashia.

Ukubwa nao ni wa kuamua mapema. XFS hupanuka kwa urahisi, ila usipange kuja kuipunguza. ext4 hupunguzwa ikiwa imeshushwa (haijapachikwa), lakini idadi ya inodi zake huwekwa siku ya kufomati, kwa kawaida moja kwa kila kilobaiti 16. Seva ya barua pepe au ya vipicha vidogo inaweza kukataa faili jipya huku nafasi ingali tele, na df -i ndiyo itakayokueleza sababu.

La hatari kuliko yote ni kusema uongo kuhusu kuhifadhi. NFS ikiombwa kuthibitisha kwamba data imefika kwenye diski, jibu linapaswa kuwa la kweli. Wengi wakiona ZFS inasuasua kwa uandishi wa namna hiyo huweka sync=disabled, au async kwenye exports, ili jibu litoke bila kusubiri diski, kisha wanafurahia kasi. Umeme ukikatika, mtumiaji ameshaambiwa kazi yake iko salama, na haipo. Dawa ni SSD yenye kinga ya kukatika umeme, itumike kama logi inayopokea data hiyo kwanza.

Mimi ningeichukua XFS kwa diski kubwa na mafaili makubwa, ext4 kwa seva ndogo isiyo na mbwembwe. ZFS ni chaguo zuri kwa anayetaka cheksamu (namba za kukagua kama data imeharibika) na yuko tayari kuangalia, kila kerneli (kiini cha Linux) mpya inapokuja, kama moduli yake imejengeka, kwa sababu haimo ndani ya kerneli. RAID 5 na 6 za Btrfs, njia za kutawanya data kwenye diski kadhaa, ningeziacha.

Ukishachagua, weka chaguo la mountpoint kwenye exports. Bila hilo, diski ikishindwa kupachikwa, seva itashea folda tupu, na watu wataijaza diski ya mfumo bila kujua. Halafu, kabla data ya kweli haijaingia, anza kunakili faili kubwa kupitia NFS iliyopachikwa kwa chaguo la hard (linaloendelea kujaribu mpaka seva irudi), uiwashe seva upya katikati, uangalie kama kunakili kunasimama na kuendelea kwenyewe, kisha ulinganishe cheksamu za amri ya sha256sum za pande zote mbili.