Somo: Kumfundisha mtoto miezi na majira ya mwaka

Muhula mmoja niliwafundisha watoto wa miaka mitano wimbo wa miezi. Waliuimba vizuri kweli. Siku moja nikamuuliza kinara wa waimbaji: baada ya Juni unakuja mwezi gani? Akaanza: Januari, Februari, Machi... Alipofika Juni hakusimama, akapitiliza mpaka Desemba, kisha akanitazama akisubiri makofi. Nilimpigia, lakini somo ilibidi nilianze upya. Hizi ndizo hatua ninazofuata tangu siku ile.

Hatua ya 1: Jana, leo, kesho

Mtoto anayesema "jana nitaenda" bado hajafika kwenye Februari, na hakuna ubaya. Kila asubuhi muulize mambo matatu: jana tulifanya nini, leo ni siku gani, kesho kuna nini. Akizoea, mpe siku saba za wiki. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana Jumamosi hadi Jumatano zimebeba hesabu: mosi, pili, tatu, nne, tano. Mtoto anayejua kuhesabu hadi tano tayari ana sehemu kubwa ya wiki mdomoni. Alhamisi na Ijumaa ndizo za kukariri.

Hatua ya 2: Mwaka uwe duara

Kalenda ya ukutani ni ya watu wazima. Kwa mtoto, Desemba ikiisha karatasi imeisha, na mwaka umekufa. Chukua karatasi kubwa, chora duara kama la saa, ligawe vipande 12. Katikati weka mshale wa karatasi unaozunguka. Kila tarehe 1 mtoto ausogeze mwenyewe. Usimsaidie, hata akikawia. Siku atakayousogeza kutoka Desemba kwenda Januari ataona kwa macho yake kwamba mwaka haukatiki.

Kabla ya kuandika jina lolote, bandikeni picha: siku yake ya kuzaliwa, ya mdogo wake, mwezi shule inapofunguliwa, mwezi mlipohamia nyumba mpya. Mtoto hashiki "Agosti". Anashika "mwezi wa mdogo wangu", na jina litakuja kujishikiza hapo baadaye.

Hatua ya 3: Namba kwanza, majina baadaye

Tunasema "mwezi wa kwanza", "mwezi wa pili" kila siku, kwa hiyo tumia hayo hayo. Akishajua kwamba baada ya mwezi wa sita ni wa saba, ndipo umwambie wa sita huitwa Juni na wa saba Julai. Majina matatu matatu kwa wiki yanatosha. Pigeni makofi kwa silabi: Ja-nu-a-ri manne, Ma-chi mawili. Juni na Julai huchanganywa sana, hivyo usizifundishe siku moja.

Kisha ruka mpangilio kwa makusudi. Uliza kabla ya Mei ni upi, uliza miwili baada ya Oktoba. Hapo ndipo utajua kama ameelewa au anaimba.

Hatua ya 4: Ngumi

Hii ni ya miaka sita au saba. Mtoto akunje ngumi mbili, azisogeze pamoja. Kifundo cha kidole kidogo cha mkono wa kushoto ni Januari, bonde linalofuata ni Februari, kifundo Machi, na kuendelea. Kifundo ni siku 31, bonde ni siku 30, isipokuwa Februari yenye 28 au 29. Julai inaangukia kifundo cha mwisho cha mkono wa kwanza, Agosti kifundo cha kwanza cha mkono wa pili, ndiyo maana yote miwili ina siku 31.

Hatua ya 5: Majira yanaanzia dirishani

Hapa ndipo wengi tunakosea, kwa sababu tunafungua kitabu kabla ya kufungua dirisha. Pia tunachanganya hali ya hewa na majira. Mvua ya leo ni hali ya hewa. Majira ni tabia ya anga kwa miezi kadhaa, na mtoto hawezi kuiona kwa siku moja.

Kwa hiyo kila siku achore alama moja: jua, wingu, mvua au upepo. Mwezi ukiisha mhesabu pamoja. Baada ya miezi mitatu au minne weka karatasi zake sakafuni kwa mpangilio, unyamaze. Wangu waliona wenyewe kwamba "huu ulikuwa mwezi wa mvua", na mimi nikaongeza jina tu.

Chagueni pia mti mmoja, muupige picha kila mwezi mkiwa mmesimama mahali pale pale. Na kama una eneo wazi, chomeka kijiti kilichonyooka. Tarehe 1 ya kila mwezi, saa sita mchana, wekeni jiwe kwenye ncha ya kivuli. Mawe yatahama. Walio karibu na Ikweta wataona kivuli kikielekea kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kitabu cha mwanangu kina majira manne, lakini kwetu kuna mvua na ukavu tu. Nifuate kipi?*

Marahaba. Fuata anga lako. Karibu na Ikweta mchana huwa wa saa 12 hivi mwaka mzima na joto halibadiliki sana, kwa hiyo mvua ndiyo inayougawa mwaka. Majira manne mwambie ni ya watu wa mbali, na hata huko hayaendi pamoja: Desemba ni baridi Uingereza na joto Australia. Angalia pia maneno ya kitabu. Vingine huita majira ya kupukutika majani "vuli", wakati mtoto anajua vuli ni mvua. Mimi husema majira ya kuchipua, ya joto, ya kupukutika na ya baridi, basi.

*Wa kwangu ana miaka 8, anasema kuna baridi kwa sababu jua limeenda mbali. Ni kweli?*

Hapana, ingawa ni wazo zuri kwa umri wake. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152. Kinacholeta majira ni kuinama kwa dunia, nyuzi 23.5 hivi. Pitisha kijiti katikati ya mpira, kiinamishe, uuzungushe kuizunguka taa huku kijiti kikielekea ukuta ule ule. Ataona nusu ya juu ikipata mwanga mwingi upande mmoja wa taa na mchache upande mwingine.

*Mjukuu wangu kazaliwa tarehe 29 Februari. Nimwambieje?*

Mwambie dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na saa sita hivi. Hizo saa sita tunaziweka akiba, na mwaka wa nne zinatimia siku nzima. 2024 ulikuwa mwaka mrefu, unaofuata ni 2028. Kwenye duara mbandikie picha yake mwishoni mwa Februari kila mwaka, asijione amesahauliwa.

*Mwanangu kauliza kama mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni kitu kimoja. Nikakwama!*

Mwambie vina undugu. Kutoka mwezi mwandamo hadi mwandamo mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Mara 12 unapata kama siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Ndiyo maana miezi ya Hijiria, inayofuata mwandamo, huzunguka majira yote. Kwa mtoto mdogo acha hesabu, toka naye nje jioni au alfajiri, wakati mwezi unapoonekana, achore umbo lake kila siku mpaka urudi kama alivyouanza. Siku za mawingu aache nafasi wazi.