Jinsi ya Kuchagua Programu ya Uzamili: Anza na Tangazo la Kazi, Ada Ifuate

Una barua mbili au tatu za udahili mkononi na muda wa kujibu unayoyoma. Kazi yangu ni kuwashauri wahitimu waliofika hapo, wengi wao wakiwa Dar es Salaam, na karibu wote huanza na swali moja: chuo kipi kina jina kubwa? Jina lina uzito wake, lakini si pa kuanzia. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Soma matangazo ya kazi

Tafuta matangazo kumi ya kazi unayoitaka, si ile uliyonayo sasa. Ya serikalini yapo kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali ya Tanzania. Mashirika na kampuni huweka kwenye tovuti zao. Yachapishe, shika kalamu, pigia mstari kila sifa wanayoitaka.

Tuchukue nafasi ya afisa ufuatiliaji na tathmini. Utakachopigia mstari ni miaka ya uzoefu, kuchambua takwimu kwa programu za kompyuta kama Stata au Power BI, na uwezo wa kuandika ripoti. Uzamili mara nyingi hutajwa kama sifa ya ziada tu. Sasa fungua orodha ya masomo ya kila programu uliyopata na uliza: yale niliyopigia mstari yanafundishwa wapi? Programu isiyogusa hata nusu yake iondoe mezani, hata kama ada yake ni nafuu.

Hapo ndipo wengine hugundua kuwa hawahitaji uzamili kwa sasa. Mhasibu wa Tanzania ambaye hajamaliza mitihani ya CPA (cheti cha uhasibu wa kitaalamu) ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, mimi humwambia waziwazi amalize hiyo kwanza, kwa sababu ndiyo inayotajwa kwenye matangazo ya nafasi za juu za fani yake. Anayetaka kufundisha chuo kikuu ni habari nyingine: kwake uzamili haukwepeki.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya gharama yote

Hapa usiharakishe. Chukua daftari au fungua Excel, weka safu moja kwa kila programu, kisha jaza: ada, viza, bima, nauli, pango, chakula, na mshahara utakaoukosa. Huo wa mwisho ndio unaosahaulika kuliko vyote.

Tuseme unalipwa shilingi milioni 1.5 kwa mwezi. Programu ya miezi 24 inayokulazimu kuacha kazi inakugharimu milioni 36 za mshahara kabla hujalipa hata senti ya ada. Ya miezi 12 inakugharimu milioni 18. Ya jioni, kwa mfano hapa Dar es Salaam, haikunyimi mshahara, ila inakula jioni zako na wikendi zako. Kama mwajiri wako anatoa ruhusa ya masomo yenye malipo, pata barua yake kabla ya kuandika sifuri kwenye mstari huo.

Uingereza huvutia kwa sababu uzamili wa darasani, yaani usio wa utafiti, kwa kawaida huchukua mwaka mmoja. Lakini ukiomba viza unalipia huduma ya afya pauni 776 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ya kozi ya miezi 12 huzidi mwaka mmoja, malipo hayo kwa kawaida hufika pauni 1,164. Tena tangu Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa darasani haruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto. Mwenye familia aweke pia gharama ya kuendesha nyumba mbili.

Ujerumani inasifika kwa kutotoza ada, na kwa vyuo vingi vya umma ni kweli. Lakini jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, yaani euro 6,000 kwa mihula minne. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza wanafunzi wa namna hiyo mwaka 2024, na kwa uzamili ni euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula. Juu ya hapo, viza hudai uthibitisho wa fedha za kujikimu, na wengi huuonyesha kwa kuweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu inayokurudishia euro 992 kila mwezi. Fedha ni yako, ndiyo, lakini lazima uwe nayo yote kabla ya kupanda ndege. Familia nyingi hukwama hapo.

Hatua ya 3: Soma masharti ya ufadhili neno kwa neno

Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, hulipa ada na kukupa euro 1,400 kwa mwezi, lakini nauli na viza unazitoa humo humo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Kama lengo lako ni kufanya kazi London, ufadhili huo haukufai.

Hatua ya 4: Angalia ruhusa ya kazi na lugha ya soko

Ujerumani humpa mhitimu hadi miezi 18 ya kutafuta kazi. Uingereza imekuwa ikitoa miaka miwili, lakini kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027 ni miezi 18. Marekani hutoa miezi 12 ya kazi baada ya masomo, na 24 zaidi kwa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Ruhusa si ajira. Unaweza kusoma Ujerumani kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, kisha ukakuta waajiri wengi wanataka Kijerumani. Ukichagua huko, anza lugha sasa. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam na Nairobi.

Hatua ya 5: Zungumza na waliomaliza

Watafute LinkedIn watu watatu waliohitimu programu hiyo hiyo, ikiwezekana wanaotoka Afrika Mashariki, na uandike kwa adabu: "Habari za kazi. Nimepata udahili kwenye programu uliyosoma. Naomba dakika zako chache." Usiwaulize kama chuo ni kizuri. Uliza walikaa muda gani bila kazi, nani aliwaajiri, na kama msimamizi wa tasnifu alikuwa akijibu. Swali la msimamizi usiliache, hasa kwa vyuo vya nyumbani: tasnifu ikikaa mezani kwake miezi sita, gharama zako za Hatua ya 2 zinabadilika zote.

Hatua ya 6: Hakikisha shahada itatambuliwa

Kabla ya kulipa chochote, iulize TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, kama chuo hicho cha nje kinatambulika; Mkenya aulize CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu ya kwao. Kwa kozi za mtandaoni hili ni lazima. Fani yenye bodi, kama uhandisi, uliza na bodi yenyewe.

Hatua ya 7: Jibu vyuo

Programu iliyobaki mezani ikiwa bado inakuzidi kifedha, usikatae haraka. Andikia ofisi ya udahili uombe kuahirisha kwa mwaka mmoja, na uulize kama amana uliyolipa itahamishiwa mwaka huo. Omba jibu kwa maandishi. Ukishalipata, ndipo uwaandikie wale wengine kuwa huendi.